Mkono Uliotoa Ishara

4 Aprili

Kaka yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nimekaa juu ya kapu la nguo hapa kazini, dobi la kambi, maana nyumbani Kifurushi akiiona kalamu anataka kuila. Sisi ni wazima wa mwili, na wewe tunakuombea hivyo hivyo. Mama anakusalimu. Goti lake limepoa kidogo, ila kila asubuhi anagombana na ngazi kana kwamba ngazi ndiyo iliyomzeesha. Kifurushi ameota jino la sita na anatembea kwa kushika ukuta. Ukuta ukiisha anakaa chini na kutulaumu.

Wiki nne sasa tangu siku ya mafuriko, na wiki tatu tangu wakuhamishie huko milimani. Uliondoka bila kuniaga. Nimeamua kwamba ulikuja mlangoni, ukakuta nimelala, ukanihurumia. Usinisahihishe.

Jambo lenyewe ni hili. Jana afisa ustawi alikuja nyumbani, kavua kofia kabla hata sijafungua mlango vizuri. Akaniwekea karatasi mbili mezani. Ya kwanza inasema mume wangu amepewa Nishani ya Ushujaa wa Anga, ile yenye bawa la fedha na utepe wa buluu, na tarehe 30 Juni nitaitwa kwenye gwaride niipokee kwa niaba yake. Ya pili ni ya mimi kusaini. Inasema nakubali kwamba amefariki na utafutaji umefungwa. Moja haiendi bila nyingine. Nisiposaini sina nishani, nikisaini sina mume.

Nikamwambia, yule mzee mliyemkuta siku ya pili ameshakufa, kanasa kwenye nyaya, ndiye aliyekuwa amebebwa na mume wangu. Mume wangu mwenyewe hamjamkuta. Mtu ambaye hajakutwa nitamsainije? Akasema mto ni mkubwa. Nikasema mume wangu anajua kuogelea, na alikuwa na jaketi lake la kuelea, nililisugua kwa mikono yangu wiki ile ile. Akavaa kofia.

Kaka, wewe ndiye uliyekuwa mlangoni mwa helikopta na winchi mkononi, ile mashine ya kuvuta waya. Wewe ulimshusha mume wangu, Buibui wenu, wewe ni mtu wa mwisho kumwona. Na ni wewe uliyemleta nyumbani mara ya kwanza ukamwambia mama, "Huyu ndiye ninayemning'iniza kwenye uzi." Naomba unieleze ulichokiona. Simu ya kambi yenu inapitia kwa watu watatu kabla haijafika kwako, ndiyo maana naandika. Ndege ya barua huondoka Alhamisi.

Mdogo wako,
Mama Kifurushi

20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika. Nimefurahi kusikia habari za goti na za jino. Huku ni baridi, tunavaa soksi mbili mbili. Nimewekwa ghala la vipuri, napanga boliti kwenye visanduku. Kazi si mbaya. Mwambie mama nakula.

Kuhusu uliyoniuliza, yote yamo katika maelezo ya nishani. Mimi niliandika taarifa, wakubwa wakaiweka sawa. Waombe wakupe nakala usome.

Saini, mdogo wangu. Nishani ile si ya kila anayepanda ndege. Hutolewa kwa tendo la ushujaa lililofanyika angani, ndege ikiwa inaruka, siyo kabla wala baada. Tangu kikosi chetu kianze wameipata watu sita, na wote marubani. Buibui atakuwa mtu wa waya wa kwanza. Jina lake litachongwa kwenye ukuta wa bwalo, na Kifurushi atalisoma akikua. Tena mjane wa mwenye nishani ile haondolewi kwenye nyumba ya kambi. Wengine wanapewa miezi mitatu, kisha wanahama.

Huo ndio ushauri wangu. Mlinde mtoto na baridi.

Kaka yako

1 Mei

Kaka,

Shikamoo tena. Mama amefunga kitambaa cha sufu katika bahasha hii, ni cha shingo, usikidharau kwa rangi yake. Kifurushi sasa anavuka chumba bila ukuta, lakini akifika katikati anashtuka kujiona peke yake, anaanza kulia. Natamani ungemwona.

Nakala wamenipa. Maneno mengine nilimuuliza mkuu wetu wa dobi, yeye alifika mbali kidogo shuleni. Imeandikwa hivi: waya ulikwama kwenye nguzo ya umeme, ukaanza kuivuta helikopta yenye watu tisa ndani. Fundi huyu, akiwa ananing'inia angani, alitoa ishara kwa mkono kwamba waya ukatwe, akajitoa ili wengine wapone.

Karani wa nishani aliyeileta ni mtu wa maneno mengi. Akasema makao makuu kulikuwa na ubishi wa siku mbili kama mtu aliye kwenye waya yuko angani au yuko chini. Mwishowe wakakubaliana kwamba miguu ikishaachana na paa, mtu yuko angani. Wazee wazima, nyota mabegani, wamekaa mezani wanajadili miguu ya mume wangu. Mkuu wa dobi akamwambia, "Afadhali hamkuja na rula." Nilicheka, kaka. Ni mara ya kwanza tangu siku ile, na nilipomaliza kucheka nilijificha nyuma ya mashine ya kukausha.

Saini bado sijaweka. Kila Jumamosi naenda kituo cha uokoaji cha chini ya mto, kule maji yanakoelekea, kuuliza. Wameshanijua, wananivutia kiti. Juzi walisema kuna mtu hospitali ya kule bondeni hajitambui, hana jina. Nilikwenda. Hakuwa yeye, alikuwa kijana mdogo sana. Nilimfunika vizuri nikarudi.

Nina swali dogo tu. Ni mkono gani? Nikifumba macho nauona waya, naiona ovaroli yake, namwona yule mzee kifuani pake. Mkono unaotoa ishara siuoni. Niambie ni upi, nimwone mzima mzima.

Mdogo wako

17 Mei

Mdogo wangu,

Kitambaa nimekipata, mshukuru mama.

Mkono wa kulia. Aliuinua, akaupitisha shingoni kutoka kushoto kwenda kulia, kama tulivyofundishwa. Mvua ilikuwa imepungua kidogo, niliona vizuri. Alikuwa mtulivu.

Naomba usiniulize tena jambo hili. Gwaride limekaribia. Saini.

Kaka yako

25 Mei

Kaka,

Shikamoo. Leo sina habari nyingi. Mama yuko salama, mtoto ana mafua.

Nimesikia kwa watu, siyo kwako, kwamba na wewe umepewa. Nishani ya Utumishi wa Anga, kwa utulivu wako mlangoni. Sikuonei wivu. Nashangaa tu kwamba mtu anapata nishani na anamwandikia dada yake habari za soksi.

Nikueleze kazi yangu, maana nadhani hujawahi kuiangalia. Kwa siku zinapita mikononi mwangu ovaroli kama hamsini. Ya rubani huisha makalioni. Ya mtu wa mlangoni, yako wewe, huisha magotini. Ya anayeshuka na waya huisha mikononi kwa ndani, kuanzia kwapa mpaka kiwiko. Na siyo mkono mmoja, ni yote miwili, sawasawa. Za Buibui nimezitia viraka mara nne.

Mwaka tuliooana nilimuuliza kwa nini. Akachukua mto wa kulalia, akasimama nao jikoni akanionyesha. Mtu anayeokolewa amefungwa mkanda kwapani tu. Akichoka akainua mikono, mkanda unampita kichwani, amekwenda. Kwa hiyo unamkumbatia kwa mikono yote miwili, unafunga vidole mgongoni pake, na huachii mpaka umfikishe mlangoni. Nikamuuliza, "Sasa ukitaka kusema kitu?" Akasema, "Nikiwa na mtu sisemi kitu. Shemeji ananisoma kichwa."

Kwa hiyo ili ainue mkono wa kulia ilibidi amwachie yule mzee. Kama alimwachia, niambie alimwachia. Nitaumia, lakini nitakuamini. Kama hakumwachia, huo mkono uliutoa wapi?

Nimesoma mpaka darasa la saba tu, kaka. Lakini nguo naijua.

Mdogo wako

8 Juni

Kaka,

Alhamisi mbili zimepita. Nilimngoja rubani wa ndege ya barua mpaka akanionea aibu, akafungua mfuko nijionee mwenyewe.

Afisa ustawi amekuja tena. Anasema nisipoleta karatasi kabla ya tarehe 28 jina litaondolewa kwenye gwaride. Anaongea kwa upole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa ameze dawa. Mama ananiambia nisaini, tupumzike. Hata Kifurushi nadhani ananiambia nisaini, anavyoniangalia. Sina tena wa kumuuliza. Kituo cha chini ya mto Jumamosi hii hawakunivutia kiti, walijifanya wana kazi.

Kama yuko mahali, kaka, nikisaini nimemfungia mlango. Kama hayuko, nataka nijue alikwendaje, siyo walivyoandika. Mimi nikiuvuta moyo huku unarudi kule. Siku nyingine nikimvua mtoto nguo nasahau nilikuwa nataka kumwogesha au kumlaza, namshika tu hapo hapo akiwa uchi mpaka anapiga chafya.

Uko kimya kwa sababu gani? Hata ukiandika mstari mmoja.

Mdogo wako

14 Juni

Mdogo wangu,

Sina salamu za maana. Nimeanza barua hii mara nyingi, kisanduku kimoja cha boliti kimejaa karatasi.

Hakukuwa na mkono.

Nilimshusha juu ya paa la shule, mzee yule alikuwa wa mwisho. Alikuwa anatetemeka, hajui kuogelea, amemng'ang'ania Buibui shingoni. Nikamwona Buibui anavua jaketi lake la kuelea anamvisha yule mzee, anamfunga mikanda mmoja mmoja kama anavyomvisha mtoto wako. Ni kinyume cha sheria. Nikampigia kelele, asingeweza kunisikia. Kisha akamfunga mkanda wa waya, akamkumbatia, akaniangalia. Nikavuta.

Hawakupanda hata mita tano. Upepo ukatupiga, waya ukazunguka nguzo. Helikopta ikalala upande. Mle ndani kulikuwa na watoto wanne. Rubani akasema, "Kata." Nikasema, "Ngoja." Akasema tena, "Kata, tunakufa wote." Kitufe cha kukata waya kiko chini ya kifuniko chekundu pembeni mwa mlango, kifuniko nilikuwa nimeshakifungua. Nikaangalia chini. Buibui alikuwa ananiangalia na mdomo wake unasema kitu, na mikono yake yote miwili iko kwa yule mzee, kama ulivyosema. Nikabonyeza.

Yule mzee walipomkuta alikuwa amevaa jaketi la Buibui. Kwa hiyo lile unalolitegemea, mdogo wangu, hakuwa nalo. Nilikuwa najua tangu siku ya pili. Nilishindwa kuja mlangoni kwako na habari hiyo. Sikukukuta umelala. Sikuja.

Nilipoandika taarifa nilitaja jaketi. Afisa wa nishani akalifuta. Alisema ni tendo zuri lakini lilifanyika juu ya paa, miguu iko chini, kwa hiyo halihesabiki kwa nishani ya anga. Akaniuliza, "Na alipokuwa hewani, alifanya nini? Hakutoa hata ishara?" Alikuwa ameshika kalamu anasubiri. Nikafikiria nyumba yenu. Nikafikiria kwamba ni afadhali uambiwe mumeo alijitoa kuliko uambiwe kaka yako alimwachia. Na nilijifikiria mimi pia, sitakudanganya tena. Kama aliniomba, basi si mimi. Nikasema ndiyo, alitoa.

Sipandi tena ndege. Silali vizuri. Nikiwa peke yangu ghalani mkono huu nauweka mfukoni nisiuone. Sioni sababu ya kuendelea kuwepo hapa wala popote. Fanya unavyoona.

Kaka yako

22 Juni

Kaka,

Barua hii nimempa rubani wa ndege ya barua akukabidhi mkononi na asiondoke mpaka umeisoma mbele yake. Kama anakuangalia sasa hivi, mkaribishe chai.

Yako niliisoma dobi. Mkuu aliniambia niende nyumbani, nikamwambia niache nipige pasi. Nilipiga pasi mpaka nguo zikaisha, nikaanza kuzirudia zilizokwisha pigwa.

Kwanza, usiniandikie tena maneno kama yale ya mwisho. Nimeshazika mmoja asiye na kaburi. Nenda kwa daktari wa kambi leo hii, mwambie hulali na mwambie na hilo lingine. Rubani nimemweleza akusindikize. Usimkasirikie, nilimlilia.

Pili, nakasirika. Sijui nikuambieje ninavyokasirika. Siyo kwa kile kitufe, kitufe sijakifikia bado, nikikikaribia kichwa kinauma na nawaona wale watoto wanne. Nakasirika kwa ule mkono. Miezi mitatu nimekaa namtafuta kwenye mito, nawe unajua jaketi liko wapi. Na umenitengenezea mume aliyechoka, anayeomba aachiwe. Buibui hakuomba kuachiwa, kaka. Alikuwa na mtu mikononi na alikuwa anakuja mlangoni. Alikuwa anarudi nyumbani. Sitaki Kifurushi asome ukutani kwamba baba yake alipunga mkono akaondoka. Ni uongo, hata kama umechongwa vizuri.

Nenda kwa mkuu wa kikosi useme ulivyoniambia mimi, la jaketi na la mikono. Najua watachukua nishani zote mbili, na nyumba hii tutaihama. Wachukue.

Na alichokuwa anasema mdomo wake, kama ulikijua niambie. Kama hukukijua, usinitungie.

Mdogo wako

29 Juni

Mdogo wangu,

Rubani alikunywa chai vikombe viwili ananiangalia. Daktari nimemwona. Amenipa dawa, na nalala chumba kimoja na muuguzi anayekoroma kama jenereta.

Kwa mkuu wa kikosi nimekwenda. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema ningeiacha taarifa ya kwanza ilivyo, kila mtu angekuwa na heshima yake. Nikasema mke wa marehemu hataki. Akakaa, akauliza, "Hataki nishani?" Nikasema hataki ishara. Jina la Buibui limetolewa kwenye gwaride la kesho. Langu pia. Nitaitwa mbele ya tume kwa kutoa taarifa ya uongo. Kwa kukata waya hawaniiti, wanasema nilifanya kilichotakiwa. Nilitamani waniite kwa hilo.

Alichosema sikukisikia. Nimejaribu kuukumbuka mdomo wake kila siku. Sijui.

Kaka yako

16 Julai

Kaka,

Shikamoo. Tumehama Jumanne. Ni vyumba viwili nyuma ya duka la vioo, hatua chache tu kutoka geti la kambi, kwa hiyo kazi ya dobi naendelea nayo. Mkuu wa dobi alituazima mkokoteni wa nguo kuhamishia vitu, Kifurushi akakaa juu ya magodoro kama bibi harusi. Mafua yameisha. Mama amepanga vyombo vyote na hajasema neno baya juu yako. Zuri pia hajasema. Jana alifuma kitambaa kingine, sikumuuliza cha nani.

Afisa ustawi aliniletea karatasi mpya. Haina nishani. Inasema alifariki akiwa kazini, baada ya kumvisha jaketi lake mzee aliyekuwa akimwokoa, na kwamba alikuwa amembeba kwa mikono yote miwili waya ulipokatwa. Niliomba waongeze "yote miwili". Karani yule wa maneno mengi alisema sentensi inakuwa ndefu. Nikamwambia nina muda. Akaongeza.

Nimesaini. Kalamu ilikwama mara moja, halafu ikaenda. Baadaye nilikwenda kituo cha chini ya mto kuwaambia sitakuja tena Jumamosi, na yule mwenye zamu akanivutia kiti, tukakaa kidogo tukiangalia maji. Yamepungua sana. Unaweza kuona nguzo za daraja.

Kaka, sijakusamehe. Sijui inachukua muda gani, jambo kubwa kiasi hiki sijawahi kulisamehe. Nikifika hapo nitakuandikia, na kama utakuwa hapa nitakuambia kwa mdomo. Najua wale watoto wanne wako hai. Mmoja nilionyeshwa sokoni, analilia puto. Nilisimama pale mpaka mama yake akaanza kuniogopa.

Daktari akikuruhusu na tume ikimalizana nawe, njoo. Usikae huko na visanduku vya boliti. Mlango wa nyumba hii umening'inia kwenye bawaba moja, haufungi, na upepo unampiga mtoto. Nimejaribu mwenyewe. Siwezi kuunyanyua na kukaza skrubu kwa wakati mmoja. Anatakiwa mtu wa kuushikilia kwa mikono miwili, asiuachie mpaka nimalize.

Mdogo wako,
Mama Kifurushi